Mtoto Aliyefika Kituoni Asiifikie Huduma

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa kwa nini watoto wagonjwa hawapati matibabu kwa wakati, nilikuwa na majibu matatu mdomoni: umbali, gharama na uhaba wa dawa. Yote matatu ni ya kweli na sina nia ya kuyapunguzia uzito. Lakini ipo sababu ya nne ambayo sikuwahi kuitaja, kwa kuwa kuitaja kungelazimu nijitaje na mimi mwenyewe. Mtoto anaweza kubebwa mgongoni mwendo mrefu, akafika kituoni, akaandikishwa, akaketishwa mbele ya tabibu, na bado asiwe ameifikia huduma, kwa sababu aliyeketi upande wa pili wa meza anatibu kwa maarifa ya mwaka aliohitimu. Nimekuwa tabibu huyo, na ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa njia hiyo.

Nitaanza na mtoto mmoja wa miezi tisa. Mama yake alimleta asubuhi akiwa na kikohozi cha siku ya tatu, anapumua haraka, na sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi. Alikuwa bado ananyonya, hatapiki, hajapata degedege, na macho yake yaliifuata tochi yangu kila nilipoisogeza. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kifua kikibonyea hiyo ni nimonia kali, na nimonia kali ni dozi ya kwanza ya sindano, barua ya rufaa na kulazwa. Nikafanya hivyo hivyo bila shaka yoyote moyoni. Mama aliipokea barua, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaniuliza, “Daktari, hakuna dawa ya kwenda nayo nyumbani?” Nikamjibu, “Huyu ni wa kulazwa, mama. Dawa ya nyumbani haitamsaidia.”

Hakwenda hospitali. Alikuwa na watoto wengine wawili wadogo na hakuwa na wa kumwachia, na nauli ya kwenda na kurudi hakuwa nayo. Siku ya nne alirudi kwangu akiwa na mtoto asiyeweza tena kunyonya, midomo yake imebadilika rangi. Tulimwekea oksijeni, tukahangaika hadi gari likapatikana, akalazwa majuma mawili, akapona. Moyoni nilimlaumu mama yule, na nakumbuka niliandika kwenye faili kwa mkono wangu: “Mzazi hakufuata ushauri.”

Miezi michache baadaye alikuja kituoni kwetu muuguzi wa watoto kutoka hospitali ya rufaa kutupa mafunzo kazini ya siku mbili. Alipofika kwenye nimonia alitueleza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa, nami sikuwa nimewahi kulisikia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umebadilika tangu mwaka 2014. Mtoto wa miezi 2 hadi 59 ambaye kifua chake kinabonyea lakini hana dalili za hatari, yaani anaweza kunywa au kunyonya, hatapiki kila kitu, hana degedege na hajalegea wala kupoteza fahamu, sasa anahesabiwa kuwa na nimonia inayotibika nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku kwa siku tano, kisha anaangaliwa tena siku ya tatu. Rufaa inabaki kwa wenye dalili za hatari, kwa wale ambao kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni imeshuka chini ya asilimia 90, na kwa mtoto mwenye virusi vya ukimwi au aliyezaliwa na mama mwenye virusi hivyo. Nilimsikiliza mwezeshaji hadi mwisho, lakini akili yangu ilikuwa imerudi kwa mtoto wa miezi tisa. Dawa aliyoiulizia mama yake ilikuwamo kabatini, hatua sita kutoka kwenye meza yangu.

Ndiyo maana siwezi kuyaona mafunzo endelevu ya watumishi wa afya kama jambo la kujipatia vyeti. Mwaka 2019 pekee nimonia iliua zaidi ya watoto 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na wengi wa watoto wa aina hiyo huanza kuugua mbali na hospitali yenye vitanda. Waliobadilisha mwongozo ule, baada ya tafiti kuonyesha kwamba dawa ya kunywa inatosha kwa watoto wa kundi hilo, waliihamisha tiba kutoka wodini hadi kwenye meza ya kwanza ambayo mama anaifikia. Kwa familia isiyo na nauli, hatua hiyo ni sawa na kuletewa hospitali karibu na mlango. Hata hivyo tiba haihami kwa kuandikwa tu. Inahama siku ambayo tabibu wa meza ile anaujua mwongozo, anauamini, na ameshausimamia kwa mikono yake mbele ya mtu anayeweza kumrekebisha.

Sharti hilo la mwisho nililielewa alasiri ya siku ile ile. Mwezeshaji alimwomba mama mmoja ruhusa ya kumtumia mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, akatutaka watumishi watano tuhesabu pumzi zake, kila mmoja kwa zamu na kuandika jibu lake bila kumwonyesha mwenzake. Majibu matano yalikuwa matano kweli: hayakufanana hata mawili, na baina ya la chini na la juu palikuwa na tofauti ya pumzi kumi na sita. Mtoto alikuwa ni yule yule, ametulia mapajani mwa mama yake. Kwa umri wake mpaka wa kuhesabiwa kuwa na nimonia ni pumzi 40 kwa dakika, hivyo wawili wetu wangempa dawa na watatu wangemrudisha nyumbani na maneno ya kutuliza tu.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Wengi wetu tulifanya hivyo, kwa kuwa foleni ni ndefu na dakika moja nzima ya kunyamaza mbele ya kifua cha mtoto huonekana ndefu mno. Mwezeshaji alituonyesha kwa hesabu ya kawaida: ukihesabu 9 katika robo dakika unapata 36, na hiyo ni salama, ukihesabu 11 unapata 44, na hiyo ni nimonia. Pumzi mbili tu, ambazo jicho linaweza kuzipoteza mtoto akijinyoosha, ndizo zinazoamua. Tukarudia upya. Nguo inapandishwa hadi kifua na tumbo vionekane, mtoto hanyonyi wala halii, saa inashikwa karibu na kifua ili jicho lione vyote viwili, na unahesabu dakika nzima. Akianza kulia unaacha, unasubiri, unaanza tena. Raundi ya tatu majibu yetu yalikaribiana kiasi cha kuaminika. Mipaka nilikuwa naijua tangu chuoni: 60 na kuendelea kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Nilichokosa ni mtu wa kunitazama nikihesabu, na kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kunitazama.

Upande mwingine wa kujifunza, na kwangu mgumu zaidi, ni kuacha uliyoyajua. Tulilelewa kitaaluma tukiamini kwamba mtoto mwenye homa kali aliyepoa mikono na miguu, mwenye mapigo dhaifu, apewe maji mengi ya mshipani haraka iwezekanavyo. Aliyechelewesha dripu alionekana mzembe. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliohusisha watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Katika saa 48 za kwanza, karibu watoto 11 kati ya kila 100 waliopewa maji ya haraka walifariki, ikilinganishwa na takriban 7 kati ya 100 ambao hawakupewa. Utafiti huo haukuwahusu watoto waliokaukiwa na maji kwa kuharisha, ambao bado wanahitaji kurejeshewa maji kwa mpango wao unaojulikana, na ni muhimu tofauti hiyo ibaki wazi. Lakini kwa watoto wa kundi lililochunguzwa, jambo tulilolifanya kwa bidii na kwa nia njema lilikuwa na madhara. Mwenzangu mmoja, mzoefu kuliko mimi na mwenye huruma kubwa kwa watoto, alisimama katikati ya kipindi akasema hawezi kumtazama mtoto aliyepoa bila kumfungulia dripu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaitetea miaka ishirini ya usiku wake wa zamu. Ilichukua mazungumzo marefu, na baadaye kesi mbili tulizozisimamia pamoja, kabla mkono wake haujakubali kile ambacho masikio yake yalikuwa yamekwisha kukisikia.

Mabadiliko mengine yalikuwa mepesi kupokelewa. Kwa malaria kali, utafiti mkubwa wa mwaka 2010 katika nchi tisa za Afrika ulionyesha vifo vya watoto vikishuka kutoka asilimia 10.9 kwa dawa ya zamani ya kwinini hadi 8.5 kwa sindano ya dawa mpya zaidi, atesuneti, na yeyote aliyewahi kukesha akiisimamia dripu ya kwinini kwa saa nyingi hakuhitaji kubembelezwa. Zinki kwa mtoto anayeharisha, inayopendekezwa tangu mwaka 2004 kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi, nayo tuliikubali mara moja. Tulichokuwa tukikisahau ni kumweleza mama kwamba aendelee nayo hata kuhara kukikoma.

Lazima niseme pia mafunzo yanavyoweza kuwaondolea watoto huduma, kwa sababu nimeliona hilo kwa macho. Kabla ya muuguzi yule kuja, mafunzo kwetu yalimaanisha kuitwa mjini. Kozi kamili ya udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, ilikuwa ya siku 11, na ni kozi nzuri ambayo imewafaa wengi. Lakini kituo chenye watumishi wawili wanaojua kutibu watoto, kikimtoa mmoja kwa siku 11 na mwingine akaugua, siku hizo kinabaki na mlango ulio wazi na kiti kitupu. Niliwahi kurudi kutoka semina nikiwa na cheti kipya, nikaambiwa kwamba katika juma lile akina mama waligeuzwa getini siku tatu mfululizo. Sikujua nifurahie kipi. Tangu mwaka 2014 yapo pia matoleo ya kozi hiyo yanayomwezesha mtumishi kusoma mwenyewe akiwa kazini na kukutana na wenzake kwa siku chache tu, na ningetamani wanaopanga bajeti za mafunzo waanzie hapo kabla ya kukodi ukumbi.

Aidha, mahali pa mafunzo si suala la ratiba peke yake. Mapitio makubwa ya tafiti za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, yalionyesha kwamba kugawa vitabu na vipeperushi pekee hakubadilishi karibu chochote katika utendaji wa watumishi, kwamba mafunzo yakiunganishwa na usimamizi husaidia zaidi, na kwamba yanayoelekea kuzaa matunda makubwa ni mafunzo yanayokwenda pamoja na watumishi wenyewe kukaa kikundi na kutatua matatizo ya kituo chao. Nilipousoma muhtasari wake nilikumbuka ile kabati yetu ya miongozo, iliyopangwa vizuri, yenye vumbi.

Kwa hiyo muuguzi yule alipoondoka tuliamua kuendelea wenyewe. Kila Jumatano, nusu saa kabla ya kufungua kliniki, tunakaa chumba cha chanjo. Hatuna mhadhiri. Kila juma mmoja wetu huleta faili la mtoto aliyepewa rufaa, au aliyerudi akiwa na hali mbaya zaidi, tunalisoma kwa sauti tangu saa aliyoingia, na tunajiuliza swali moja tu: je, yapo tuliyoweza kuyafanya hapa hapa ambayo hatukuyafanya? Faili la kwanza nililileta mimi, lile lenye maneno “Mzazi hakufuata ushauri.” Nililisoma lote mbele ya wenzangu. Hakuna aliyenicheka na hakuna aliyenitetea, na nadhani ndipo kikao chetu kilipopata uhai, kwa kuwa juma lililofuata mkunga alileta lake.

Faili la mkunga lilihusu mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia. Alijua hatua za kumsaidia, lakini mfuko wa kupumulia ulikuwa kwenye sanduku lililofungwa, na kinyago kilichokuwamo kilikuwa cha ukubwa wa mtu mzima. Mafunzo ya kuwasaidia wachanga kupumua, yaliyoanza kusambazwa duniani mwaka 2010, yanaiita dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa dakika ya dhahabu: ndani yake mtoto awe amekaushwa, amesisimuliwa, na kama bado hapumui, awe ameanza kupewa hewa. Dakika hiyo haimngoji mtu atafute ufunguo. Tangu siku ile mfuko na vinyago vya wachanga vinakaa juu ya meza ya kuzalishia, vimefunikwa kwa kitambaa safi, na kila Jumatano mtu mmoja huitwa bila taarifa amfanyie mdoli zoezi zima huku mwingine akishika saa. Mara ya kwanza nilitumia dakika moja na nusu kabla ya kutoa pumzi ya kwanza. Mikono ilikuwa imesahau jinsi ya kuziba kinyago kwenye uso mdogo kiasi kile. Mdoli hafi, lakini ukimya wa chumba wakati hewa inavuja pembeni unaumiza vya kutosha kumfanya mtu arudi tena juma linalofuata.

Jambo ambalo sikulitarajia ni nani mwingine angefaidika. Miongozo ya kupanga wagonjwa kwa dharura inasema wazi kwamba wafundishwe hata wasio matabibu, kwa kuwa mtu wa kwanza kumwona mtoto si tabibu. Kwetu ni mlinzi wa getini na karani wa mapokezi. Mlinzi wetu ni mtu mzima, hakusomea utabibu, na mwanzoni alikataa kuingia kikaoni akisema asije akaonekana anajifanya daktari. Tulimfundisha kutambua mambo machache tu: mtoto anayepumua kwa shida, aliyelegea au hazinduki, anayetetemeka kwa degedege, aliyepoa mikono na miguu, na aliyeharisha hadi macho yamezama. Anayemwona yeyote kati ya hao hampangi foleni. Anamleta moja kwa moja ndani.

Siku moja nikiwa na wagonjwa zaidi ya thelathini nje, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mlinzi alikuwa amembeba mtoto mwenyewe, mama akimfuata nyuma na shuka mkononi. “Daktari, huyu alikuwa wa mwisho kule nyuma. Nimemwita jina, hageuki. Nimemgusa miguu, ni ya baridi.” Sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka mno. Tulimwekea sukari ya mshipani, na kabla saa haijaisha alikuwa anamtafuta mama yake kwa macho. Angengoja zamu yake, zamu ingefika saa tatu baadaye. Nilitoka nje nikampa mlinzi mkono. “Ahsante, mzee wangu. Umemwona kabla yetu.” Akaniuliza kama ilikuwa sawa kuingia bila kubisha hodi.

Sitadai kwamba maarifa yanajaza kabati tupu. Yamekuwapo majuma ambayo tulijua kila kitu kuhusu amoksisilini na hatukuwa nayo hata chupa moja, na mtoto mwenye dalili za hatari bado anahitaji gari, mafuta na hospitali iliyo wazi usiku. Ila nimegundua kwamba watumishi wanaosoma mafaili pamoja wanakuwa wa kwanza kuona dawa ipi inaisha mapema, na maombi yao ya dawa huandikwa yakiwa na sababu ambazo ni vigumu kuzipuuza. Rufaa nazo tunaandika chache kuliko zamani, na tunazoandika ni za watoto wanaohitaji kweli kwenda. Kwa hiyo mama ninapomwambia sasa kwamba lazima aende, anaona usoni mwangu kwamba simfukuzi, naye hujitahidi zaidi kufika.

Mwezi uliopita tulipokea muuguzi kijana, amemaliza masomo juzi tu. Alimkuta mkunga akimwandaa mtoto njiti wa kilo moja na nusu kuwekwa chini ya taa ya joto hadi atulie ndipo apewe mama yake kifuani, kama tulivyofanya siku zote na kama chati yetu ya ukutani inavyoelekeza. Alisimama kando kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Samahani dada, sisi tumefundishwa kwamba hatungoji. Akiwa anapumua mwenyewe, aende kwa mama moja kwa moja.” Mkunga alinitazama, nami nikaitazama chati. Jioni ile kijana alituonyesha kwenye simu yake pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2022, na utafiti uliotangulia, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo vifo vya wachanga wa uzito mdogo vilipungua kwa robo walipowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Nilimwomba aongoze kikao cha Jumatano. Akasema hana uzoefu wa kufundisha wakubwa wake. Nikamwambia alete shuka la kufungia na mdoli, na aanze na mimi.